Mikono ya Meru na Embu: kukanda kunafaa wapi, kunadhuru wapi

Watu wa Pwani tukitaja Meru na Embu, mara nyingi huwa tunagombana. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, hapakuwa na baraza la kahawa lisilokuwa na mawakili wake wa pande zote mbili. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu, amri zikasimamishwa, na kila mtu akabaki na lake. Leo sirudi kwenye ugomvi huo. Nataka tuzungumze juu ya mkono unaolichuma jani lenyewe. Mkono huo unauma, na dawa ya kwanza anayoikimbilia mwenyewe ni ile ile tuliyorithi sisi kwa mabibi zetu: mafuta na kukandwa.

Kukanda kukiwekwa mahali pake ni msaada wa kweli. Kukiwekwa pasipo pake, humchelewesha mtu kufika hospitali mpaka mkono ukapoteza nguvu ambazo huenda zisirudi. Tofauti ya mambo haya mawili si siri ya madaktari. Mtu yeyote aweza kuielewa akielezwa taratibu, awe mchumaji wa Maua au mama wa Kisauni anayekuna nazi za kuuza kila alfajiri.

Kazi inayoumiza bila ajali

Tuanze na kazi zenyewe. Upande wa Igembe na Tigania, kuanzia Maua mpaka Laare na Kangeta, miraa huchumwa kwa mkono. Kijana hupanda mti mapema, mkono mmoja umeng'ang'ania tawi, mwingine unavunja vichipukizi. Chini ya mti wako wengine wanaopanga vijiti kimoja kimoja, kuvifunga surba, kisha kuviviringisha kwenye majani ya mgomba. Kazi hii haina subira, kwa sababu kemikali inayowapa watafunaji uchangamfu, iitwayo kathinoni, hupungua upesi baada ya jani kukatwa. Baada ya siku mbili hivi mzigo umeshapoteza thamani. Ndiyo maana magari ya miraa yanakimbia barabarani, na ndiyo maana vidole navyo vinakimbizwa.

Ukishuka Embu, upande wa Mbeere, muguka huchumwa majani na ncha laini, kwa dole gumba na kidole cha shahada, tendo lile lile kutwa nzima. Ukipanda kwenye miteremko ya Mlima Kenya unakuta chai: wakulima wa Embu hupeleka majani yao viwanda kama Mungania, Kathangariri na Rukuriri, na wenzao wa Meru hupeleka Githongo, Imenti, Kinoro na Michimikuru. Mchumaji chai huchagua majani mawili na chipukizi lake, huyakata kwa kuzungusha kifundo cha mkono, na kuyatupa kwenye kikapu mgongoni. Mara nyingi hulipwa kwa kilo, na majani lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Msimu wa kahawa ukifika, vidole hivyo hivyo huchuma buni tunda moja moja. Na wanaobeba mizigo hii yote, vijana wa bodaboda, hushinda wakibana klachi na kusokota mafuta huku usukani ukitetemeka mikononi.

Katika kazi zote hizi hakuna aliyeanguka wala aliyekatwa na panga. Ndiyo sababu watu hawahesabu kuwa ni kuumia. Mtu akivunjika mguu kijiji kizima kinajua. Akiamka usiku vidole vimekufa ganzi, humwambia mkewe tu, naye humletea mafuta.

Na mchumaji wa miraa ana mtihani mmoja zaidi. Wengi wao hutafuna wakiwa kazini, na miraa humfanya mtu asihisi uchovu. Uchovu ni kengele ambayo Mwenyezi Mungu ametuwekea mwilini. Ukiiziba kengele, mkono unaendelea kufanya kazi saa ambayo ulikuwa umeshaomba kupumzika.

Mkono ulivyoumbwa

Kiganja na kifundo chake vina mifupa 27, na minane kati ya hiyo imejipanga kwenye kifundo peke yake. Lakini jambo kubwa la kulijua ni hili: misuli mingi inayokunja na kukunjua vidole haiko kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, yaani baina ya kifundo na kisugudi. Jaribu sasa hivi. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha chezesha vidole vya mkono wa kulia kama unayepiga kinanda. Utasikia nyama ya kigasha ikicheza. Kutoka kwenye misuli hiyo zinashuka kano, kama kamba za jahazi, mpaka kwenye vidole.

Ndani ya kifundo, upande wa kiganja, pana njia nyembamba kama handaki. Sakafu yake na kuta zake ni mifupa, na paa lake ni utepe mgumu. Ndani yake hupita kano tisa na neva moja. Neva hiyo ndiyo inayoleta hisia kwenye dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kano zikivimba kidogo, handaki halipanuki. Kinachobanwa ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko wote humo ndani.

Mtu akiyashika mambo haya mawili, kwamba misuli iko kigashani na kwamba kifundo kina handaki lisilopanuka, ameshajua nusu ya somo la kukanda.

Maradhi manne yanayofanana kwa macho

Watu husema tu "mkono waniuma." Mkandaji mzuri hauridhiki moyo wake na jibu hilo, huuliza wapi, lini, na ukifanya nini.

La kwanza ni maumivu ya upande wa nje wa kisugudi. Mtu akiinua sufuria, akikamua nguo, akisokota kitasa cha mlango, anasikia kama sindano pale kwenye kifupa cha nje. Wazungu waliupa jina la wacheza tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi maishani. Hutokana na kano za misuli inayonyanyua kifundo kuchakaa kwa kutumiwa mno.

La pili ni maumivu ya kifundo upande wa dole gumba. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kano mbili za dole gumba hupita kwenye ala moja nyembamba. Ala ikinenepa, kano hukwaruzwa. Anayechuma kwa dole gumba yuko hatarini, na vilevile mama aliyejifungua, kwa namna anavyomnyanyua mtoto huku dole gumba limepanuka. Mabibi zetu wanaokanda wazazi siku arubaini wanalijua tatizo hili vizuri, hata kama hawalijui jina lake. Ukificha dole gumba ndani ya ngumi kisha ukapindisha kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na maumivu yakakuruka pale pale, dalili ni ya ugonjwa huu. Fanya mara moja tu na kwa upole.

La tatu ni handaki lililobana neva. Hili si la maumivu peke yake, ni la ganzi na mchomo. Dole gumba, shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku, mtu akaamka akakung'uta mkono mpaka hisia ikarudi. Kidole cha mwisho huwa kizima. Kuna jaribio jepesi: kutanisha migongo ya viganja viwili, vifundo vimekunjwa, vidole vinatazama chini, kaa hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyovitaja, muone daktari. Jaribio hili halimalizi neno, lakini latosha kukuamsha.

La nne ni kidole kinachokwama. Unakunja, kisha hakikunjuki mpaka ukivute, na kinapofunguka hulia kama kifyatuzi cha bunduki. Tatizo liko kwenye kano chini ya kidole, kiganjani, ambayo imefanya kifundo kisichopita kwenye ala yake. Wenye kisukari hupatwa zaidi.

Kumbuka pia kwamba ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni ya neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kisugudi kwa ndani, pale ambapo ukigonga mlangoni unasikia umeme. Na maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, yakazidi unapogeuza kichwa, chanzo chake huenda kikawa shingo. Ukimkanda mtu kifundo mwaka mzima na ugonjwa uko shingoni, mafuta yamekwisha bure.

Kukanda, hatua kwa hatua

Elimu ya kukanda si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun, kwamba kusugua mwili kuna daraja: kwa nguvu, kwa ulaini, kwingi na kwa wastani, na kila kimoja kina athari yake. Mwenye kukanda kila mtu kwa nguvu ile ile hajafika hata pale alipofika Ibn Sina miaka elfu moja nyuma.

Kwanza, tazama na uulize. Linganisha mikono yote miwili. Je, kuna uvimbe, wekundu, joto? Nyama iliyo chini ya dole gumba imepungua? Amewahi kuanguka? Ana kisukari? Majibu yakiwa ya kutisha, usifungue chupa ya mafuta. Nitayataja hayo chini.

Pili, pasha joto. Kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, dakika tano, kwenye kigasha. Mwenye ganzi asipime maji kwa mkono wenye ganzi, ataungua asijue. Mafuta yawe ya kawaida: sisi tuna nazi na simsim, wenzetu wa Meru na Embu wanapanda parachichi na makadamia, na mafuta yake ni mazuri. Kazi ya mafuta ni kuteleza tu. Anayetia pilipili au mafuta ya taa anachoma ngozi, halafu watu husema dawa ni kali kwa hivyo ni nzuri.

Tatu, pangusa. Mkono wa mgonjwa ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Kwa kiganja kizima, sukuma polepole kutoka kifundoni mpaka kisugudini, daima kuelekea upande wa moyo, kisha rudi bila kugandamiza. Dakika mbili au tatu. Hatua hii huzoesha mwili, na mkono wa mkandaji hujifunza palipokakamaa.

Nne, kanda kigasha. Hapa ndipo penye kazi, hata kama mgonjwa anaonyesha kifundo. Shika nyama baina ya dole gumba na vidole, ibane, iinue, iachilie, kama unayekanda unga wa chapati. Anza upande wa ndani, misuli inayokunja vidole, kisha upande wa nje, inayovinyanyua. Ukikuta fundo gumu, ligandamize kwa dole gumba na utulie nalo sekunde kumi hivi mpaka lilegee. Dakika tano kila upande zatosha. Mwambie mgonjwa atoe hesabu ya maumivu kutoka sifuri hadi kumi. Yakipita nne, punguza. Ile imani kwamba mtu asipolia hajakandwa ndiyo imewatia wengi michubuko.

Tano, fungua kiganja. Shika mkono wa mgonjwa, kiganja juu, madole gumba yako mawili katikati, kisha yasukume nje kuelekea pembeni kama unayefungua kitabu. Kanda nyama ya chini ya dole gumba. Pitisha kidole baina ya mifupa ya kiganja, nafasi baada ya nafasi, mpaka kwenye nyufa za vidole. Kwa kidole kinachokwama, sugua kwa upole pale kiganjani chini ya kidole chenyewe, kwa duara ndogo, dakika moja au mbili.

Sita, kwa maumivu ya kisugudi cha nje pekee, kuna kusugua kwa kukata. Daktari Mwingereza James Cyriax ndiye aliyeipa umaarufu. Hutumii mafuta hapa. Weka ncha ya kidole juu ya mahali panapouma hasa, sukuma mbele na nyuma ukikata njia ya kano, na ngozi iende pamoja na kidole, isisuguliwe. Dakika chache, siku moja ndani ya mbili. Lakini tuwe wakweli. Mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipokusanya tafiti za njia hii mwaka 2014, ulikuta ushahidi hautoshi kusema inatibu. Wako wanaopata nafuu, lakini hakuna anayeweza kukuapia.

Kwa handaki lililobana neva, usigandamize kifundo chenyewe. Pale ndani tayari pamebana. Ukisukuma kwa dole gumba unaiongezea neva mzigo. Kanda kigasha na kiganja, kifundo kipite mkono mwepesi tu. Na kwa ule ugonjwa wa de Quervain, usisugue pale penye uvimbe ukidhani unavunja kitu. Kanda misuli ya juu yake na nyama ya dole gumba, pengine pumzisha.

Kazi yote isizidi dakika kumi na tano. Ikiwa kesho yake mkono unauma zaidi kuliko kabla ya kukandwa, ulikandwa kwa nguvu kupita kiasi, au ugonjwa wenyewe hautaki kukandwa. Na adabu yetu inajulikana: mwanamke akandwe na mwanamke mwenziwe au maharimu wake, na idhini iombwe kwanza hata kwa mtoto.

Pasipokandwa

Sehemu hii nawaomba wakandaji wote waisome mara mbili.

Usikande mkono ulioanguka au kugongwa mpaka upigwe picha. Mfupa uliovunjika ukikandwa husogea, na ncha zake hukata mishipa. Kufunga mbao na vitambaa kwa nguvu juu ya mkono wa mtoto aliyevunjika ni hatari kubwa zaidi: uvimbe ukiongezeka ndani ya kifungo, damu huzuilika, na misuli hufa kwa saa chache tu. Vidole vikiwa baridi, vimebadilika rangi, na mtoto analia maumivu yasiyotulia, fungua kifungo na mbio hospitali.

Usikande mkono ulio mwekundu, wa moto, wenye usaha au homa, utasambaza maradhi. Usikande mkono mzima uliovimba ghafla bila sababu; huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuisukuma ni kuipeleka kwenye mapafu.

Usikande maumivu ya mkono wa kushoto yaliyokuja pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika. Huo ni moyo. Usikande mkono uliolegea ghafla pamoja na mdomo kupinda au maneno kuvurugika. Hicho ni kiharusi, na kila dakika ina hesabu yake.

Na usiendelee kukanda ganzi isiyoondoka mchana wala usiku, au mkono unaoangusha vikombe, au nyama ya chini ya dole gumba iliyoanza kubonyea. Hizo ni dalili kwamba neva inakufa. Neva iliyobanwa kwa wiki chache hurudi vizuri. Iliyobanwa miaka, hata ikifunguliwa kwa upasuaji, huenda isirudi kamili. Hapa ndipo kukanda kunapoiba, kwa sababu kila kukandwa kunaleta nafuu ya usiku mmoja, na mtu huhesabu usiku huo badala ya kuhesabu miezi.

Mwenye ganzi pia apimwe sukari na tezi la shingo. Kisukari na upungufu wa homoni za tezi vyote huleta ganzi ya mkono, na mama mjamzito naye hupatwa kwa sababu ya maji mwilini, ingawa kwake mara nyingi huondoka baada ya kujifungua.

Kinachotibu zaidi ya mafuta

Mkandaji mwaminifu humwambia mgonjwa kwamba kukanda ni robo ya kazi. Kwa handaki la kifundo, jambo rahisi lenye manufaa ni kulala na kifundo kimenyooka. Wengi hulala wamekunja mikono chini ya shavu, na ndipo neva hubanwa usiku kucha. Kifungo maalumu cha kifundo huuzwa kwenye maduka ya dawa; kivaliwe usiku kwa wiki sita hivi, kisikaze. Pasipopoa, daktari ana sindano ya kupunguza uvimbe, na mwisho kuna upasuaji mdogo wa kukata utepe ule wa juu ya handaki, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa kisugudi, mazoezi ndiyo msingi. Kaa, kigasha juu ya meza, kiganja kinatazama chini, kifundo nje ya ukingo, shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kifundo ukisaidiwa na mkono wa pili, kisha shusha peke yake polepole, hesabu mpaka nne. Mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, kila siku. Maumivu madogo si kitu, makubwa ni amri ya kusimama. Nafuu haiji kwa wiki moja, huja kwa miezi miwili mitatu.

Kwa kano za vidole, kuna mazoezi ya kuziteleza: nyoosha vidole vyote, kisha vikunje kama ndoano, kisha ngumi kamili, kisha vinyooke vikitazama mbele kama meza, kisha ngumi bapa yenye ncha za vidole chini ya kiganja. Mara tano, asubuhi na jioni. Mchumaji aweza kuyafanya akisubiri mizani kwenye kituo cha kununulia majani.

Na kazini: kubadilisha mkono inapowezekana, kupumzika dakika mbili kila baada ya nusu saa, kutobana kuliko inavyohitajika. Anayepata maumivu anapoweka viganja chini katika sijida amuulize mwenye elimu. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali kwa kadiri ya uwezo wake, na haikumtaka aharibu mkono.

Wataalamu wa kazi hii wapo. Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia tangu 2014 na baraza linalowasajili, na hospitali kubwa za rufaa za Meru na Embu, kama zetu za Pwani, zina idara za tiba ya viungo. Kwenda huko mara mbili tatu, ukafundishwa mazoezi yako, kunaweza kukuokoa mwaka mzima wa chupa za mafuta.

Jasho na haki

Nimalizie na jambo ambalo mafuta hayaligusi. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya maradhi ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja waziwazi maradhi ya kano za kifundo yatokanayo na mwendo wa kurudiarudia, na lile la handaki la kifundo. Kenya nayo ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia kwa wanaoumia kazini. Wachumaji chai wa Kericho walifikisha malalamiko yao ya kuumia misuli na mifupa mpaka mahakama ya Scotland, dhidi ya kampuni ya James Finlay. Kwa hiyo si kweli kwamba mkono unaouma kwa kazi ni bahati mbaya ya mtu binafsi.

Lakini mchumaji wa Mbeere au Igembe hana kampuni ya kuishtaki. Mwajiri wake ni jirani yake mwenye nusu ekari, naye pia anauma mkono. Kwa hali kama hii, ulinzi wa kwanza ni elimu: vyama vya wakulima, vituo vya kununulia chai na wauguzi wa zahanati waeleze dalili za ganzi kama wanavyoeleza dalili za malaria. Aliyeajiriwa rasmi aandike tarehe maumivu yalipoanza, amwambie msimamizi wake kwa maandishi, na ahifadhi karatasi za hospitali. Bila karatasi, mkono ulioharibika kwa miaka kumi ya kazi hauna ushahidi.

Kwetu Pwani mkandaji ana heshima, na ndiyo maana ana dhamana. Watu humsikiliza kabla ya kumsikiliza daktari. Neno lake moja, "huu si wa kwangu, nenda hospitali," lina nguvu kuliko mabango yote ya wizara. Mkandaji anayejua kusema neno hilo hapotezi mteja. Mteja huyo akipona atarudi na mkono wake mzima, na atawaleta wenziwe.